Pikipiki Inapogoma Asubuhi ya Baridi: Sababu, Ukaguzi na Tahadhari



Kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Makete huamka katika baridi kali. Juu ya Uwanda wa Kitulo, ulio takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, umande huganda juu ya majani ya viazi na viti vya pikipiki hufunikwa na unga mweupe. Katika asubuhi za namna hii ndipo sauti ya kiki inayopigwa bila mafanikio husikika kutoka ua hadi ua.

Jambo hili si dogo. Katika vijiji vingi vya wilaya yetu pikipiki ndiyo inayomfikisha mgonjwa zahanati, mwalimu darasani, afisa ugani shambani, na gunia la viazi barabarani ambako lori linasubiri. Kwa vijana walionunua pikipiki kupitia mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asubuhi iliyopotea ni sehemu ya marejesho iliyopotea. Kwa mama mwenye uchungu, hasara yake haihesabiki kwa fedha.

Makala haya yanaeleza kwa nini baridi huifanya injini igome, namna ya kuitafuta sababu kwa utaratibu, na makosa yanayogeuza tatizo dogo kuwa uharibifu mkubwa au ajali. Jambo kuu la kushika ni hili: mara nyingi ugonjwa wa pikipiki ya asubuhi ni mdogo, na hugunduliwa kwa dakika chache. Kinachoukuza ni haraka. Mwenye pikipiki hubonyeza stata mpaka betri inakufa, huvuta mafuta mpaka injini inafurika, na mwisho huwasha moto chini ya chombo chenye petroli.

Baridi inafanya nini ndani ya injini

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iwake: mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa, cheche yenye nguvu kutoka kwenye plagi, na pistoni inayokwenda kwa kasi ya kutosha kuubana mchanganyiko huo. Baridi huyadhoofisha yote matatu kwa wakati mmoja.

Kwanza ni mafuta. Petroli ya majimaji haiwaki ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake. Injini ikiwa na joto, petroli hugeuka mvuke upesi. Ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli hubaki kuwa matone yanayoganda kwenye kuta za njia ya hewa, na kinachofika kwenye plagi ni mchanganyiko hafifu. Hii ndiyo sababu watengenezaji waliweka choki. Choki hupunguza hewa inayoingia ili petroli iongezeke, na kiasi kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kushika moto.

Pili ni cheche. Betri huzalisha umeme kwa njia ya kemikali, na kemikali hufanya kazi polepole katika baridi. Betri iliyokuwa ikiwasha pikipiki vizuri mwezi wa Februari yaweza kushindwa mwezi wa Julai hata kama haijaharibika. Wakati huohuo umande hulowesha waya na kofia ya plagi, na umeme hupata njia ya kutorokea nje kabla ya kuifikia plagi.

Tatu ni mzunguko. Oili huwa nzito katika baridi, kama asali iliyokaa nje usiku kucha. Pistoni na gia husukumana na uzito huo, kiki huwa ngumu, na stata huzungusha injini kwa unyonge. Betri iliyodhoofika hupewa mzigo mkubwa kuliko kawaida, na umeme unaobaki kwa ajili ya cheche hupungua.

Milima yetu ina jambo lake la pekee

Mashauri mengi kuhusu pikipiki na baridi yameandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi katika sehemu za chini. Huko mtu huambiwa aongeze choki, na choki ikishindwa aongeze tena. Kwa wakazi wa nyanda za juu ushauri huo hauna budi kupunguzwa.

Kadiri tunavyopanda mlima, ndivyo hewa inavyokuwa nyembamba. Pikipiki iliyorekebishwa kabureta huko Chimala, bondeni, hupanda zile kona 57 za kuelekea Matamba na kufika mahali ambapo kila pumzi ya injini ina hewa pungufu. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Huendelea kumwaga petroli karibu kwa kiasi kilekile, na mchanganyiko huzidi mafuta. Dalili zake zinajulikana na madereva wengi: moshi mweusi, harufu ya petroli, nguvu kupungua mlimani, na plagi kufunikwa na masizi.

Kwa hiyo injini yetu ya asubuhi imekaa kati ya mambo mawili yanayopingana. Baridi inataka mafuta yaongezwe. Mwinuko tayari umeyazidisha. Njia iliyo salama ni kutumia choki, lakini kwa muda mfupi na bila kuvuta mafuta. Aidha, mtu anayeishi na kufanya kazi huku juu amwombe fundi airekebishe kabureta huku juu, injini ikiwa na joto. Marekebisho yaliyofanyika bondeni hufaa bondeni.

Namna sahihi ya kuwasha injini ya baridi

Kabla ya kusema pikipiki ni mbovu, hakikisha imewashwa ipasavyo. Utaratibu ufuatao unafaa kwa pikipiki nyingi zenye kabureta za ukubwa wa sisi 100 hadi 150, ambazo ndizo nyingi katika kata zetu.

1. Fungua koki ya mafuta na usubiri kwa nusu dakika ili bakuli la kabureta lijae.

2. Weka gia nyutro. Washa choki yote.

3. Swichi ikiwa bado imezimwa, piga kiki mara tatu au nne polepole. Hatua hii huilegeza oili na kuingiza mchanganyiko wa kwanza ndani ya silinda bila kutumia umeme wowote.

4. Fungua swichi. Bila kuvuta mafuta, piga kiki moja yenye nguvu, kutoka juu hadi chini kabisa. Rudia mpaka mara tano.

5. Ukitumia stata, shika klachi ili kuipunguzia injini mzigo wa gia, na ubonyeze kwa sekunde tano tu. Kisha pumzisha betri kwa nusu dakika kabla ya kujaribu tena.

6. Injini ikiwaka, iache ingurume kwa choki kwa muda usiozidi dakika moja au mbili, kisha rudisha choki taratibu. Usivute mafuta kwa nguvu injini ikiwa ya baridi, kwa kuwa oili bado haijafika kwenye sehemu zote za juu.

Choki ikisahauliwa wazi kwa safari nzima, petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi huliwa, na plagi hujaa masizi. Dereva hulipa mara tatu: kwa petroli, kwa plagi, na baadaye kwa matengenezo ya injini.

Ikikataa: ukaguzi hatua kwa hatua

Ukishapiga kiki mara kumi bila mafanikio, acha. Kuendelea bila kutafuta sababu kunachosha mguu na kufurisha injini. Fuata mpangilio huu, unaoanza na mambo yasiyogharimu chochote.

*Hatua ya kwanza: mambo ya wazi.* Je, swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani imewekwa mahali pa kuwasha? Je, koki imefunguliwa? Je, kuna petroli ndani ya tangi, au koki ielekezwe upande wa akiba? Pikipiki nyingi hufikishwa kwa fundi kwa sababu mtoto aligusa swichi hiyo jioni iliyotangulia.

*Hatua ya pili: harufu.* Inama karibu na injini. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imefurika. Funga koki, rudisha choki, vuta mafuta mpaka mwisho na uyashikilie hapo, kisha piga kiki mara nane hadi kumi. Hewa nyingi itaingia na kuyapunguza mafuta yaliyozidi. Injini ikianza kukohoa, achia mafuta taratibu na ufungue koki. Kama huna harufu yoyote ya petroli hata baada ya kupiga kiki kwa choki, basi huenda mafuta hayafiki kabisa. Nenda hatua ya nne.

*Hatua ya tatu: plagi.* Chombo chenye thamani kubwa kuliko vyote katika mfuko wa dereva wa milimani ni spana ya plagi. Fungua plagi na uisome kama unavyosoma barua:

- Ikiwa imelowa petroli, injini ilifurika au cheche haipo.
- Ikiwa nyeusi na kavu yenye masizi, mafuta yanazidi, choki imebaki wazi, au chujio la hewa limeziba.
- Ikiwa imelowa oili nzito, ringi au mihuri ya valvu imechakaa, na fundi anahitajika.
- Ikiwa ya rangi ya kahawia hafifu, mwako ni mzuri, na tatizo litafutwe kwingine.

Kausha plagi kwa kitambaa safi na usugue ncha zake taratibu kwa brashi ya waya. Pengo kati ya ncha hizo kwa pikipiki nyingi ndogo huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8, kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachotoa kipimo kamili. Pengo likipanuka kwa uchakavu, cheche inayoruka vizuri wakati wa joto hushindwa asubuhi ya baridi.

Ili kuona cheche, kwanza ziba tundu la plagi kwa kitambaa na uhakikishe hakuna petroli iliyomwagika. Rudisha kofia kwenye plagi, egemeza chuma cha plagi kwenye injini mahali palipo mbali na tundu, kisha piga kiki. Usiishike plagi kwa mkono mtupu, na usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma, kwa kuwa mfumo wa umeme waweza kuungua. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche ya njano iliyo dhaifu, au kutokuwepo kwa cheche, huelekeza kwenye plagi iliyochoka, kofia yenye nyufa, waya uliolowa au koili. Futa umande kwenye waya na kofia, jaribu plagi mpya, na kama bado hakuna cheche mpelekee fundi.

*Hatua ya nne: maji ndani ya petroli.* Tangi lililo nusu tupu hupumua hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone ya maji yanayoteremka. Petroli inayouzwa kwa chupa za maji ya kunywa nayo mara nyingine huja na maji au uchafu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya bakuli la kabureta, hasa mahali ambapo jeti hunyonya mafuta. Baridi ikizidi, matone hayo huganda.

Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Injini ikiwa imezimwa na ya baridi, kinga kwa chupa ya kioo iliyo safi, legeza skrubu na umwage kiasi kidogo. Tazama chupa dhidi ya mwanga. Maji huonekana kama tone zito linalojitenga chini. Ukiyaona, mwaga yote, funga skrubu, na uache petroli safi ijaze bakuli. Ikiwa hakuna kinachotoka hata koki ikiwa wazi, kagua mpira wa mafuta na tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Tundu hilo likiziba, petroli haiteremki.

*Hatua ya tano: betri.* Washa taa au piga honi. Mwanga ukififia unapobonyeza stata, betri ni dhaifu au vichwa vyake vimelegea na kushika kutu nyeupe. Safisha vichwa na uvikaze. Mwenye kipimo cha umeme apime betri ikiwa imepumzika usiku: volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. Chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa. Karibu na 12.0 imekwisha. Kisha apime injini ikinguruma kwa mwendo wa kati. Volti zikiwa kati ya 13.5 na 14.5, pikipiki inachaji vizuri. Zisipopanda, betri mpya haitasaidia, kwa sababu nayo itakufa baada ya siku chache. Kasoro iko kwenye mfumo wa kuchaji.

Betri ya maji iongezwe maji yaliyotoneshwa peke yake, mpaka alama ya juu. Maji ya mto, ya bomba au ya mvua yaliyotoka kwenye bati huiharibu.

*Hatua ya sita: kiki nyepesi.* Ikiwa mafuta yapo, cheche ipo, na bado injini imekaa kimya, sikiliza mguu wako. Kiki inayoshuka bila upinzani wowote huonyesha kwamba mgandamizo umepungua. Mara nyingi sababu ni valvu zilizobana kiasi cha kutofunga vizuri zinapokuwa baridi, au ringi zilizokwisha. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa ya baridi, kwa kipimo chembamba cha sehemu ndogo za milimita. Kazi hii ni ya fundi mwenye vipimo, wala si ya kukisia.

Ikizimika njiani ndani ya ukungu

Kuna hali moja inayowachanganya wengi. Pikipiki huwaka vizuri, hutembea kilomita kadhaa ndani ya ukungu mzito, kisha hupoteza nguvu na kuzimika. Dereva hufungua plagi na kuikuta nzuri. Baada ya dakika chache pikipiki huwaka yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapa mara nyingi si uchawi wala fundi mbaya. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto, na sehemu hiyo hupoa kuliko hewa ya nje. Ukungu unaoingia huganda na kuwa barafu nyembamba inayoziba njia ya hewa. Pikipiki ikisimama, joto la injini hupanda na kuiyeyusha. Likikupata, simama pembeni ya barabara mahali unapoonekana, washa taa za ishara, na ungoje. Kuendelea kupiga kiki wakati huo kunaongeza petroli isiyohitajika.

Oili ifaayo milimani

Juu ya kopo la oili kuna namba mbili, kwa mfano 20W-50. Namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa ya baridi. Ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi asubuhi. Kama kitabu cha pikipiki yako kinaruhusu 10W-30 au 10W-40, mkazi wa Kitulo atanufaika nayo wakati wa kipupwe kuliko 20W-50. Kitabu kisiporuhusu, baki na kile kilichoelekezwa.

Angalia vilevile alama JASO MA. Katika pikipiki nyingi klachi huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Pia usichanganye oili na mafuta ya taa kwa nia ya kuilainisha. Oili hupoteza uwezo wa kulinda vyuma, na injini hufa ikiwa changa.

Mambo yanayopaswa kuachwa kabisa

Tunawasihi wananchi wayatilie maanani mambo yafuatayo, kwa kuwa yanahusu uhai.

*Kuwasha moto chini ya injini.* Kijiko cha makaa, karatasi au kuni chini ya pikipiki ni hatari kubwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini na kutambaa hadi kwenye moto, na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi inayogandisha maji. Ukihitaji kuipasha kabureta, zima swichi, chovya kitambaa kizito katika maji ya moto, kamua, kisha funga kuzunguka bakuli la kabureta kwa dakika mbili au tatu. Usimwage maji yanayochemka juu ya injini.

*Kuangaza tangi kwa kiberiti au mshumaa.* Tumia tochi.

*Kupasha injini ndani ya chumba.* Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Mlango ulio wazi hautoshi. Itoe pikipiki nje kwanza, ndipo uiwashe. Kwa sababu hiyohiyo, na kwa hofu ya moto, pikipiki isilazwe chumba kimoja na watu au karibu na jiko.

*Kusukuma kwenye mteremko ulioganda.* Wengi huwasha kwa kusukuma, gia ikiwa ya pili. Njia hii hufaa mahali pakavu, tambarare au penye mteremko mdogo, dereva akiwa na kofia ngumu na breki zikiwa nzima. Kwenye njia yenye tope au umande ulioganda, gurudumu la nyuma hujifunga na kuteleza.

Maandalizi ya jioni

Pikipiki ya asubuhi hutengenezwa jioni. Dakika tano kabla ya kulala zinatosha kwa haya:

- Jaza tangi, ili unyevu usipate nafasi ya kukaa.
- Funga koki, ili petroli isivuje polepole kuingia kwenye injini usiku.
- Egesha mahali penye paa na pasipo upepo. Injini ikishapoa, ifunike kwa turubai au magunia makavu.
- Futa maji kwenye kofia na waya wa plagi.
- Betri iliyochoka itolewe na kuwekwa mahali pakavu pasipo moto, mbali na watoto.

Mwanzoni mwa Mei, kabla baridi haijaanza, mpelekee fundi pikipiki yako asafishe kabureta na chujio la hewa, apime valvu, abadilishe oili, na akague plagi. Vikundi vya bodaboda vyaweza kukubaliana na fundi mmoja afike kijiweni kwa siku moja na kukagua pikipiki zote, kuliko kila mmoja kuhangaika peke yake katikati ya Julai. Kijiwe nacho kikiweka spana ya plagi, plagi mpya mbili, brashi ya waya na kipimo cha umeme kwa matumizi ya wote, asubuhi nyingi zitaokolewa.

Wakati wa dharura, pikipiki isingojewe

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanahitaji muda, na mgonjwa mahututi hana muda. Mama akishikwa na uchungu usiku, au mtoto mchanga akibadilika hali, mtu mmoja asihangaike na kiki huku familia nzima ikimtazama. Mfumo wa M-Mama, unaoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, wanawake waliojifungua na watoto wachanga, hupokea simu kupitia namba 115 bila malipo. Piga simu kwanza. Pikipiki ishughulikiwe baadaye. Kwa ajali ya moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Familia yenye mjamzito na izungumze mapema na jirani wawili wenye vyombo vya usafiri, wala si mmoja, na iweke namba zao mahali ambapo kila aliye nyumbani anaziona. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika vitongoji watasaidia kupanga safari hiyo kabla ya siku yenyewe kufika.

Baridi itarudi kila mwaka, na mwinuko wa milima yetu hautapungua. Yanayoweza kubadilika ni maandalizi yetu: tangi lililojaa jioni, plagi iliyosafishwa, na mkono unaojua kuacha kiki ya kumi na kuanza kutafuta sababu.